Kumpeleka Mgonjwa wa Moyo Hospitali Isiyozungumza Lugha Yake: Mwongozo Kamili kwa Anayemsindikiza

Usiku ule shangazi alipobanwa na kifua, mkalimani nilikuwa mimi. Nilikuwa bado kijana, ila lugha ya hospitali niliijua kuliko wote nyumbani, basi ikatosha. Daktari akauliza maumivu yameanza saa ngapi. Shangazi akajibu, "Saa tatu za usiku." Nikaitafsiri tatu kama tatu. Daktari akaandika 03:00. Tulikuwa tumefika saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kwa hesabu ya daktari mgonjwa alikuwa ameumwa kwa saa mbili tu. Kwa hesabu ya shangazi zilikuwa saa nane.

Aliyetuokoa ni muuguzi aliyeuliza swali ambalo hata halikuonekana la kitabibu: mama alikuwa anafanya nini maumivu yalipoanza? "Nilikuwa naosha vyombo vya chakula cha usiku." Nikatafsiri. Muuguzi akatazama faili, akanitazama mimi, akauliza: nani anaosha vyombo usiku wa manane?

Tukitaja kikwazo cha lugha, watu hufikiria wawili wanaotazamana bila neno. Hao wana nafuu. Wameshindwa kuelewana na wanajua wameshindwa, kwa hiyo mmoja ataondoka kutafuta msaada. Kinachoumiza ni kuelewana nusunusu: neno limefika, kichwa kimetikiswa, faili limeandikwa, kumbe kilichoandikwa sicho kilichosemwa. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, familia yenye asili ya Kuba ilisema kijana wao wa miaka 18 ni "intoxicado", neno la Kihispania. Kwao maana yake amedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Madaktari wakasikia kuwa amezidisha dawa za kulevya, na wakamtibu hivyo. Kumbe alikuwa anavuja damu kichwani. Akapooza mikono na miguu. Hakuitwa mkalimani, maana neno lilionekana linaeleweka.

Hatua zinazofuata zote ni za kuisaka nusu hiyo kabla haijaingia kwenye faili.

Kama anaumwa sasa hivi

Usisubiri mkalimani. Mbano wa kifua usiotulia kwa kupumzika, maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya, mkononi au mgongoni, jasho la baridi, kukosa pumzi, kuzimia: piga simu ya dharura ya nchi uliyopo. Jifunze leo kusema "moyo", "kifua" na "hapumui vizuri" kwa lugha ya hapo, pamoja na anwani unapoishi. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, wakati mwingine kifua hakiumi sana. Anakuja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au pumzi fupi. Hao ndio hupotea kirahisi zaidi kwenye tafsiri, kwa sababu "amechoka" hakumshtui mtu.

Mkifika, kipimo cha ECG, yaani nyaya za kifuani zinazochora umeme wa moyo, hakihitaji lugha. Mwenye dalili za moyo anatakiwa afanyiwe ndani ya dakika 10, na damu ikipimwa troponini, protini ya misuli ya moyo, itaonyesha kama misuli ya moyo imeumia. Ila yapo mambo matatu ambayo mashine haiwezi kuyasema: maumivu yalianza lini, anatumia dawa zipi, na dawa zipi zinamdhuru. Hayo yako mdomoni mwa mgonjwa, kwa hiyo nguvu zako zote za lugha zipeleke hapo kwanza. La muda lina uzito wa pekee. Mshipa wa moyo ulioziba hufunguliwa kwa puto dogo linalopitishwa ndani ya mshipa, au kwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu pale puto lisipopatikana kwa wakati. Saa 12 tangu maumivu yaanze ndiyo mpaka wa kawaida wa uamuzi huo, na dawa ya kuyeyusha hufanya kazi vizuri zaidi saa mbili tatu za mwanzo. Sasa rudi kwenye kosa langu la saa sita uone lilikuwa na ukubwa gani.

Hatua ya 1: Karatasi ya mfukoni, kabla hajaugua

Ukurasa mmoja, usizidi. Juu kabisa iandikwe lugha ya mgonjwa kwa jina lake. Kama ni mzee wa lugha ya nyumbani ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha, andika hivyo hivyo. Nimewaona wazee wakiletewa mkalimani wa Kiswahili, wakaitikia kila kitu kwa aibu, na hawakuambulia hata robo.

Chini yake weka magonjwa aliyonayo, upasuaji aliofanyiwa, stenti (kibomba cha waya kinachoushikilia mshipa wazi) au pesimeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo) kama ipo, na nakala ya kadi yake, mzio, na dawa. Hapo kwenye dawa usiandike "dawa ya presha". Dawa za presha ni nyingi: nyingine hupunguza mwendo wa moyo, nyingine humkojoza mtu, na daktari wa zamu hawezi kukisia. Andika jina la dawa yenyewe, lile ambalo mara nyingi liko kwa herufi ndogo kwenye boksi, pamoja na miligramu. Jina la biashara hubadilika ukivuka mpaka. Jina la dawa yenyewe hubaki lile lile au karibu sana, lugha yoyote ile. Na beba maboksi. Boksi halihitaji kutafsiriwa.

Kuhusu mzio kuna mtego wa Kiswahili chetu: "dawa ile ilinikataa." Mkalimani asiye makini ataipeleka kwa daktari kama "alikataa dawa", na mgonjwa ataandikwa mkaidi. Hata ikifika vizuri bado haitoshi. Kukataliwa kwa kutoka vipele, kuvimba uso na kuziba pumzi ni mzio, na dawa hiyo isirudiwe. Kukataliwa kwa kukohoa au kupata kizunguzungu kwa kawaida ni usumbufu wa dawa, na daktari anaweza kuibadilisha au kuipunguza. Andika kilichotokea mwilini, basi.

Hatua ya 2: Omba mkalimani, na uombe mapema

Omba unapoweka miadi, si ukiwa umeshakaa mbele ya daktari. Nchi nyingi zina huduma hii na haimgharimu mgonjwa. Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964, na Uingereza huduma ya afya ya umma humpa mgonjwa mkalimani bure. Pengine atakuwa kwenye simu au video, na hilo lisikukwaze. Taja lugha na eneo unakotoka, maana Kiswahili cha mahali pamoja si lazima kieleweke sawa kwingine.

"Lakini mtoto wetu anajua lugha yao vizuri." Najua, hata mimi nilikuwa mtoto huyo. Utafiti uliochapishwa 2003 katika jarida la Pediatrics ulichunguza mazungumzo 13 kwenye kliniki ya watoto Marekani kati ya wahudumu na familia zinazosema Kihispania, ukakuta makosa ya tafsiri 396, yaani wastani wa 31 kila ziara. Pale aliyetafsiri alikuwa mtu wa kuokoteza tu, 77% ya makosa yake yalikuwa ya kuweza kumdhuru mgonjwa. Kwa wakalimani wa hospitali ilikuwa 53%. Hao nao walikosea, tena sana, na ndiyo maana hatua nyingine hapa chini bado zinahitajika.

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi mezani. Mzee ana maumivu ya kifua na daktari anataka kumwekea naitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi. Kabla ya hapo lazima amuulize kama ametumia dawa ya nguvu za kiume, kwa sababu sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, zikikutana na naitrogliserini presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Anayetafsiri ni binti yake. Wewe unadhani mzee atajibu nini? Na binti atauliza kweli, au atageuza swali liwe "umemeza dawa yoyote leo, baba?" Kwa mkalimani wa kwenye simu, asiyemjua wala hatamwona tena, mzee anaweza kusema.

Hatua ya 3: Usitafsiri jina la maumivu, yaeleze

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu maneno yetu ya moyo ni matamu na yamejaa maana mbili mbili.

Chukua "kifua". Mtu akisema "nina kifua" mara nyingi anamaanisha kikohozi au mafua yaliyoshuka. Akisema "kifua kinanibana" anaweza kuwa na pumu, anaweza kuwa na mshipa wa moyo unaoziba. Yote hayo yakitoka upande wa pili kama neno moja la kifua, mmoja atapelekwa foleni ya kikohozi. "Chembe cha moyo" ni mbaya zaidi: ni pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua. Aliyelisikia neno "moyo" atatafsiri maumivu ya moyo, na mgonjwa wa vidonda vya tumbo ataunganishwa nyaya. Kinyume chake kipo pia, na ndicho cha kuogopa: shambulio la moyo linaweza kuumia hapo hapo kwenye chembe, familia ikasema ni kiungulia, mgonjwa akapewa dawa ya tumbo akarudi nyumbani. "Moyo unaniuma" mara nyingi ni uchungu wa kusemwa vibaya na ndugu. "Nimepata mshtuko" ni habari mbaya uliyosikia, au ni shambulio la moyo lenyewe. Na "presha" ni ugonjwa, ni kipimo, ni wasiwasi wa mtihani.

Kwa hiyo mwambie mgonjwa aweke mkono pale panapouma na auache hapo. Daktari atatofautisha anayeonyesha kwa ncha ya kidole na anayekunja ngumi katikati ya kifua. Kisha eleza kwa matendo: "Akipanda ngazi za ghorofa moja panakaza, akisimama panaachia." "Ni kama mtu amemkalia kifuani." "Hapachomi, panalemea." Sentensi za namna hii huvuka lugha bila kuvunjika, kwa sababu zinaeleza mwili wala hazitaji ugonjwa.

Na usipuuze maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Daktari wa moyo akiuliza "analalia mito mingapi?" hapigi soga. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, mgonjwa akilala chali maji hurudi mapafuni na pumzi hukata, basi huongeza mto mmoja, kisha wa pili, mwisho analala amekaa kitini. Mkalimani asiyejua hilo hucheka na kulipita. Vivyo hivyo kwa "huwa anaamka usiku akitafuta hewa?" na "viatu vimeanza kumbana jioni?" Jibu kwa idadi na kwa tangu lini.

Hatua ya 4: Saa na namba ziandikwe

Saa zetu zinahesabiwa kuanzia alfajiri na machweo. Zao zinaanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kila mara. Usiseme saa kwa mdomo peke yake. Iandike kwa mfumo wa saa 24, halafu ongeza alichokuwa anafanya: "21:00, anaosha vyombo." Saa ikikosewa, kile kitendo kitaipinga.

Tarehe nazo: 3/4 kwa wengine ni Aprili, kwa Wamarekani ni Machi. Andika jina la mwezi. Kipimo cha dawa chenye nukta, kama 2.5, kitajwe na kionyeshwe kwa kidole, maana nukta ikipotea inakuwa 25.

Halafu kuna "mara moja". Kwa Kiswahili ina maana mbili, na mfukoni mwa dawa zote zinaingia: meza mara moja, yaani usirudie, au meza mara moja, yaani sasa hivi. Sema "kidonge kimoja kwa siku, asubuhi". Wenzetu nao wana mtego wao: neno la Kiingereza la mara moja, "once", linaandikwa sawasawa na neno la Kihispania la kumi na moja. Hebu fikiria limeandikwa kwenye chupa ya dawa ya moyo.

Hatua ya 5: Ukilazimika kutafsiri wewe

Saa nyingine hakuna mtu mwingine. Basi fanya hivi. Simama pembeni ya mgonjwa, daktari amtazame yeye. Sema kama yeye: "Kifua kinanibana tangu jana", usiseme "anadai kifua kinambana". Msimamishe daktari kila baada ya sentensi mbili, hata akikunja uso. Neno usilolijua sema hulijui. Kubuni ni kosa kubwa kuliko kukiri. Maongezi ya pembeni kati yako na mgonjwa yapeleke pia, usije ukatoka na dakika tatu za Kiswahili zilizogeuka "amesema ndiyo".

Na usipunguze makali. Hapa ndipo ndugu tunapoharibu, kwa upendo. Daktari anasema moyo wa baba unasukuma damu kidogo kuliko unavyotakiwa, sisi tunasema "moyo umechoka kidogo, utapumzika." Wengine tunakosea upande wa pili: tunasema "moyo umeshindwa", mgonjwa anasikia umesimama, anaanza kuusia. Maelezo yanayofaa ni ya kazi yenyewe: moyo bado unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na mapafuni, na zipo dawa za kuusaidia.

Hatua ya 6: Tafsiri ya simu, kwa tahadhari

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio la sentensi 10 za hospitali zilizopitishwa kwenye Google Translate kwa lugha 26. Kiswahili kilishika mkia: 10% tu ndizo zilitoka sahihi, wakati Kireno kilipata 90%. Sentensi ya kwamba mtoto ana degedege ilitoka kwa Kiswahili kuwa mtoto amekufa. Kwa Kimarathi, mume aliyesimama moyo akawa mume aliyepata kifungo cha moyo. Programu hizi zimeboreka tangu wakati huo, ila bado zinakosea kwa kujiamini.

Itumie kwa mambo ya kitandani: choo, maji, blanketi, "panauma hapa?" Sentensi fupi, jambo moja kila mara, kisha igeuze irudi kwenye lugha ya kwanza uone kama maana imebaki. Dozi, mzio, habari mbaya na fomu za kusaini usizikabidhi kwa simu.

Hatua ya 7: Kabla ya kusaini

Uchunguzi wa mishipa ya moyo hufanywa kwa mrija mwembamba unaoingizwa mkononi karibu na kiganja au kwenye kinena, na dawa ya rangi inayoonekana kwenye eksirei. Mgonjwa asisaini mpaka aseme mwenyewe, kwa lugha yake na kupitia mkalimani: wanaenda kufanya nini, kwa nini, hatari zake zipi, njia nyingine ipi, na asipofanya itakuwaje. Ulizeni pia kama wakikuta mshipa umeziba wataweka stenti hapo hapo. Wengi hushtuka baadaye kwamba waliingia kwenye kipimo wakatoka na chuma mwilini. Isipokuwa kwenye dharura ya kuokoa maisha, kusema "tunamsubiri mkalimani" ni haki yenu.

Hatua ya 8: Usiku wodini

Ndugu mkiondoka, mgonjwa anabaki bububu. Mwachieni karatasi yenye maneno machache kwa lugha zote mbili: kifua kinauma, sipumui, kizunguzungu, choo, maji. Mwonyesheni kengele na aibonyeze mbele yenu mara moja ya majaribio. Wazee wetu huona haya kumsumbua muuguzi. Mwambieni wazi kwamba kifua kikibana saa nane ya usiku, kunyamaza si heshima.

Hatua ya 9: Siku ya kuruhusiwa

Kila mtu ana haraka siku hiyo, mgonjwa kuliko wote. Daktari atauliza "umeelewa?" na jibu ni ndiyo, daima ni ndiyo. Usilikubali swali hilo. Sema: "Naomba nikurudishie nilivyoelewa," kisha mgonjwa mwenyewe aeleze kila dawa ni ya nini na ataimeza lini. Wahudumu wa afya mnaosoma hapa, ombeni hivyo hivyo: "Ukifika nyumbani utamwelezaje mkeo?" Dakika tano hizo si hasara.

Sikiliza hasa mahali ambapo maneno huteleza. Dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, wengi huiita ya kulainisha damu. Akidhani inampunguzia damu, ataiacha akiona amedhoofu. Mwambie inazuia mabonge, ina kipimo chake cha damu cha kufuatilia, na akianguka au akitokwa damu isiyokoma arudi haraka. Aliyewekwa stenti baada ya shambulio la moyo kwa kawaida humeza aspirini pamoja na dawa nyingine kama klopidogreli kwa miezi hadi 12. Akiikatiza kwa sababu "nimepona", stenti inaweza kuziba ghafla. "Dawa ya maji", yaani furosemidi na jamaa zake zinazomkojoza mtu, huwafanya wengine waache kabisa kunywa maji, au waiache dawa siku wana safari. Ulizeni anaruhusiwa kunywa kiasi gani, kwa lita. Ya chini ya ulimi haimezwi. Mwonyesheni kwa kidole.

Mwenye moyo dhaifu ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji, na apige simu hata kama anajisikia vizuri. Namba ya kupiga iandikwe, na muulize mapema: nikipiga, nitapata mtu wa lugha yangu vipi?

Nyumbani mwaga dawa zote mezani, za zamani na mpya. Mara nyingi utakuta dawa ile ile kwenye maboksi mawili yenye majina tofauti ya biashara, na mgonjwa anazimeza zote. Chora jua kwenye boksi la asubuhi na mwezi kwenye la usiku.

Shangazi alipona, na ana daftari. Safu ya kwanza ni kilo, ya pili ni dawa, ya tatu ni anavyojisikia. Mstari wa mwisho nilioukuta, tulioupeleka kliniki kama ulivyo, unasema: "21:00, saa tatu usiku. Naosha vyombo. Pumzi imekaza, nikakaa, imeachia."